Kutu ya Canley

Bei ni pauni mia nane na hamsini.
Nigel Allsop anaitaja huku akitazama saa,
maana nyumba ya babake imeshauzwa
na gereji lazima iwe tupu ifikapo Ijumaa.

Turubai linavuliwa. Vumbi kwanza,
kisha Triumph ya mwaka sabini na mbili,
milango miwili, pua ndefu,
njano ya haradali iliyogeuka chai ya jana.
Gurudumu la nyuma limekaa sakafuni
kama mtu aliyechoka kusubiri jina lake liitwe.
Iliundwa hapa hapa Canley,
kwenye kiwanda ambacho leo
hata ukuta wake huwezi kunionyesha.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia.
Nimekuja na kifaa changu cha kazi,
kile chembamba chenye ncha ya ndoana,
nikapiga magoti penye simenti baridi
nikagonga kizingiti cha mlango.
Ng'a. Ng'a. Ng'a.
Shubiri moja mbele: pu.
Nikadunga. Ncha ikazama yote,
na unga wa kahawia ukanimwagikia kiatuni.

Sauti hiyo naijua.
Kuna mtu aliziba tundu bila kukwangua uozo,
akapaka rangi juu,
akaenda zake akichekelea.
Sumaku niliyoibandua kwenye friji nyumbani
ilishika boneti, ikashika mlango,
ilipofika juu ya tairi ikateleza, ikaanguka.

"Ilikuwa inatembea," asema Nigel.
"Lini?"
Akaangalia tena saa.

Kitini panya wamejenga kiota
kwa kurasa za kitabu cha mwongozo.
Wameanza na sura ya breki.

Najua atakavyosema Mbaruku.
Aliyasema jana, mikono ikiwa kwenye povu la vyombo:
"Mwenzetu ananunua mbuzi kwenye gunia,
na gunia lenyewe limeoza."
Kulehemu tu, elfu mbili.
Kabureta mbili, paa la turubai, nyaya zote.
Na bafu letu linavuja tangu Machi,
na Rehani anataka kwenda Ubelgiji na shule.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, haya,
lakini ufa wa nani uanze?

Sikumjibu. Ningemjibu nini?
Kwamba miaka ishirini na miwili
nachonga meno ya watu nisiowajua,
kila jino kwenye kisanduku, kila kisanduku na namba,
dereva anabeba, mlango unafungwa,
na sijawahi, hata mara moja,
kuona jino langu likitafuna.
Nataka kutengeneza kitu kimoja
halafu niwepo kinapouma barabara.
Hayo hayasemwi mbele ya sinki.

Nilikuwa nimeshainuka, nimeshapangusa magoti,
neno "hapana" liko tayari mdomoni,
nilipoyaona makopo ya kahawa kwenye rafu.
Kila kopo na karatasi, mwandiko wa kalamu ya risasi:
Skrubu za taa, kushoto.
Skrubu za taa, kulia (moja imepotea).
Bawaba.
Na la mwisho, zito kuliko yote:
Sijui ni za nini. Usitupe.

"Haya pia yanaenda jalalani?"
"Yote," akasema Nigel, ila polepole,
na safari hii hakutazama saa.

Nikamwambia nitampigia kesho.

Sasa ni saa tano usiku, mvua ya rasharasha.
Nimevaa ndara uani, simu ikinimulikia,
kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole.
Dirisha la juu linafunguka.
"Mwanaidi, unapima nini usiku huu?"
"Sipimi kitu. Nanyoosha miguu."
Gari ni nyayo kumi na tano.
Kutoka ukutani hadi ua wa jirani ni kumi na saba,
ukitoa lile pipa la taka la kijani
kumi na nne na nusu.

Nalishika mpini, nalivuta kidogo.
Lina magurudumu, kumbe.